Kikombe Hakina Jina

Baba yangu alionja kahawa kwa miaka 31 mjini Moshi. Ndiyo kazi iliyotulisha na kutusomesha: kunyonya kijiko cha kahawa kwa mlio mkali, kuizungusha mdomoni, kuitema kwenye ndoo, kisha kuandika alama. Watu hudhani mwonja kahawa hunywa kahawa siku nzima. Hanywi. Vikombe hupangwa mezani vikiwa na namba tu, na mwonjaji hajui kama kile cha tatu kimetoka Kibosho, Rombo au Mbinga, wala kama mwenye shamba ni ndugu yake. Maji ya moto yanamiminwa juu ya kahawa iliyosagwa, dakika nne zinapita, kijiko kinavunja utando uliojikusanya juu, na pua inatangulia ulimi. "Kikombe hakina jina," alituambia tangu tukiwa wadogo, na msemo huo aliutumia kwa kila kitu: wachumba wa dada zangu, wagombea udiwani, hata mahubiri.

Kitu kimoja tu alikionja akiwa anajua jina lake, tena jina kwanza na ladha baadaye. Ni deki za CD.

Kwenye sebule yetu Kibosho, juu ya kabati ambalo nyumba nyingine huweka vyombo vya wageni, kulikuwa na deki mbili, amplifaya moja na spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la pili. Deki ya kwanza tuliiita Mholanzi. Ni Philips ya katikati ya miaka ya 1980. Baba aliinunua mwaka 1994 kwa daktari wa kigeni aliyemaliza mkataba na kuuza vitu vyake vya nyumbani Shanty Town, mtaa ambao jina lake ni la mabanda lakini wenyeji wa Moshi wanajua ndiko kwenye majumba na bustani. Ya pili ni Mjapani, Sony ya miaka ya 1990, aliyoletewa na mjomba kutoka Dubai. Mtambo wote kwa pamoja Baba aliuita haifai, kwa namna Waingereza wanavyotamka. Mama naye aliuita hivyo hivyo, ila akimaanisha Kiswahili.

Nilikua nikiamini kwamba kila nyumba ina ubishi wake wa Jumapili jioni, na wetu ulikuwa Mholanzi na Mjapani. Baba angeweka wimbo uleule kwenye hii kisha kwenye ile. Mholanzi, alisema, ana mwili. Mjapani ana ncha. Mholanzi ni kahawa iliyokaangwa taratibu. Mjapani ina uchachu mzuri lakini inaisha haraka mdomoni. Sisi watoto tulikubali yote, maana aliyekubali aliongezewa soda.

Ubishi wenyewe, nilikuja kujua baadaye, ni wa zamani kuliko mimi. CD ni kazi ya pamoja ya Sony na Philips, na deki za kwanza ziliingia sokoni Japani mwaka 1982. Kampuni hizo mbili zilikubaliana kuhusu sahani lakini hazikukubaliana namna ya kuisoma. Kwenye sahani hakuna sauti. Kuna namba: sampuli 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande wa spika, na kila sampuli ina ngazi 65,536 za kuchagua. Deki ya kwanza ya Sony, CDP-101, ilizisoma namba hizo kwa biti 16 kamili, lakini chombo kimoja cha kuzigeuza kuwa sauti kiligawana zamu kati ya spika ya kushoto na ya kulia. Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu. Badala ya kusubiri, wahandisi wao waliongeza sampuli mara nne na kuyasukuma makelele yaliyobaki hadi juu, mahali ambapo sikio la binadamu halifiki. Mashabiki wamegawanyika tangu wakati huo.

Neno sampuli lilimfurahisha sana Baba nilipomweleza. Mwonja kahawa haonji gunia zima. Anachota kidogo, na ikiwa kimechotwa vizuri, kidogo hicho kinalisemea gunia. CD nayo haichukui wimbi lote la sauti, inachota mara 44,100 kwa sekunde. Hesabu yake inatosha kurudisha kila mtetemo hadi kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambao ndio ukomo wa juu wa sikio zuri la kijana. Nilimwambia hivyo, kisha nikaona uso wake ukibadilika kidogo kwenye neno kijana. Sikulitilia maanani.

Pasaka ya mwaka jana alianza kulalamika. Mholanzi amechoka, alisema, anameza juu. Mjapani naye sasa anameza juu. Ushahidi wake ulikuwa CD moja: kwaya ya parokia yetu, iliyorekodiwa mjini mwaka 2003, Mama akiwa bado mwanakwaya. Kwenye wimbo wa nne kuna kayamba inayoanza peke yake kabla ya sauti kuingia, kama mvua inayokuja kupitia migombani. "Zamani nilikuwa naisikia hadi jikoni," Baba alisema. "Sasa nimekaa mbele ya spika na haipo. Leza imekufa."

Ndipo ikaja deki ya tatu. Mstaafu mwenzake wa Soweto alikuwa na Marantz CD-63 Mk II KI Signature, ile ya miaka ya 1990 yenye herufi za jina la Ken Ishiwata. Wapenzi wa muziki wa nyumbani wanalijua jina hilo: Ishiwata, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa akichukua deki ya kawaida ya Marantz na kuirekebisha kwa sikio lake, akibadilisha vipuri, akiongeza transfoma ya mviringo na kupaka shaba kwenye fremu ili kupunguza makelele ya umeme. Sisi tukaiita Saini. Mwenyewe alitaka shilingi milioni 1 na laki 4, na alikubali Baba akae nayo wiki mbili kabla ya kuamua.

Kwa walio nje ya dunia hiyo, milioni 1 na laki 4 ni fedha nyingi kwa deki ya CD. Kwa walio ndani, ni chenji. Accuphase wa Yokohama, Esoteric wa Japani na dCS wa Uingereza wanatengeneza mashine ambazo bei yake hujenga nyumba huku kwetu na kubaki na fedha ya bati. Baadhi huja kwa mafungu: sanduku la kuzungusha sahani, sanduku la kugeuza namba kuwa sauti, na sanduku la tatu ambalo kazi yake ni kuhesabu muda tu. Kinachonunuliwa hapo si namba zaidi, kwa kuwa sahani ni ileile. Kinachonunuliwa ni umeme uliotulia, fremu nzito isiyotetemeka, saa isiyoyumba na hatua safi ya mwisho kabla ya sauti kutoka. Vitu hivi vipo na vinapimika. Swali ni kama sikio lililokaa kitini linavipata.

Mama hakuuliza swali hilo. Alisema, "Hiyo ni mtamba." Alikuwa amemwona ng'ombe jike mchanga kwa jirani chini ya mfereji, mweusi mwenye baka jeupe, na bei yake ilikuwa hapohapo. Baba akasema kiinua mgongo ni chake. Mama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa siku tatu waliongea kupitia kwa mdogo wangu: mwambie baba yako chai iko mezani, mwambie mama yako nimeiona.

Mimi nasomea uzamili wa takwimu za afya hapa Moshi. Darasani kazi yangu ni kuuliza kama dawa imefanya kazi kweli au mgonjwa amepona kwa sababu alijua anapewa dawa. Nikampigia Baba simu. "Baba, shikamoo. Hivi, kikombe kina jina au hakina?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi. Ila upange vizuri."

Nilipanga vizuri. Kitu cha kwanza kinachoharibu ulinganisho wa deki ni ukubwa wa sauti. Deki nyingi hutoa kiasi cha volti 2 muziki ukiwa kileleni, lakini hazilingani kabisa, na deki iliyozidi kidogo, hata chini ya desibeli moja, sikio haliambiwi kwamba ni kubwa zaidi. Linaambiwa ni tamu zaidi. Wauzaji wanaijua siri hii. Mdogo wangu, ambaye ni fundi simu Double Road, alipima kwa mita mlio wa mitetemo 1,000 kutoka kila deki, akakuta Saini imemzidi Mholanzi, akaunga kipunguza sauti kwenye waya hadi zikalingana. Mjapani tulimweka pembeni. Kesi ilikuwa kati ya Mholanzi na Saini.

Nakala ya pili ya CD ya kwaya tuliazima kwa jirani, ili deki zote mbili zicheze wimbo uleule kwa wakati uleule. Tukatundika kanga mbele ya kabati. Mdogo wangu alikaa nyuma yake akirusha sarafu: mwenge, Mholanzi, upande wa pili, Saini. Mimi nilikaa nyuma ya kiti cha Baba, nisije nikamwonyesha jibu kwa uso. Raundi 20. Mtu anayekisia tu atapata 10 hivi, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Kupata 15 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara mbili katika majaribio mia, kwa hiyo tulikubaliana kabla ya kuanza kwamba 15 ni ushindi. Baba aliiandika 15 kwenye daftari lake na kuweka sahihi chini, kama alivyokuwa akifanya kazini.

Kabla ya kanga kushushwa alisikiliza akiziona, na akataja tofauti tano, zote za kumsifu Saini. Besi imekaza. Sauti za kina mama zimesogea mbele. Kuna hewa kati ya waimbaji. Nimesahau mbili.

Tulianza na nyimbo za dansi za miaka ya 1960 kutoka kwenye CD moja ya mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, kwa kuwa ndizo anazozijua kama barabara ya kwenda kwao. Hapo niligundua jambo ambalo waandishi wa mambo ya haifai hawalisemi vya kutosha. Rekodi zile zilifanywa bendi nzima ikiwa chumba kimoja, zikaenda kwenye utepe wa mono. Hazina kulia wala kushoto. Hewa kati ya waimbaji haiwezi kuongezwa Yokohama ikiwa haikuchukuliwa Dar es Salaam. Deki bora kuliko zote duniani itakupa kile ambacho maikrofoni ile ilikiona siku ile, basi. Hata hivyo gitaa linaingia na mtu mzima wa miaka 67 anatikisa mguu. Mono haijamzuia mtu kucheza.

Kisha tukaingia kwenye raundi. Ilichukua zaidi ya saa moja, na katikati umeme ulikatika tukasubiri tukila ndizi. Baba alifanya kazi yake kama zamani: macho yamefumbwa, kichwa kimeelekea kushoto, kimya, jibu moja, kalamu. Hakulalamika wala hakuomba kurudiwa. Nilipomwona hivyo nilimheshimu upya, maana najua watu wengi wenye mitambo ya gharama ambao wangekataa kabisa kukalia kiti kile.

Alipata 11.

Aliiangalia namba. "Kumi na moja," alisema. "Ningekuwa na kijana ofisini anayepata 11, ningemrudisha ghalani." Akacheka kidogo. Nilianza kumweleza kwamba 11 haina aibu, kwamba katika majaribio mengi ya namna hii watu hushindwa kutofautisha deki mbili nzima zilizosawazishwa sauti, kwamba maana yake Mholanzi bado ni mzima. Kwa Mama, aliyekuwa ameketi kizingitini akimenya ndizi za mtori, maana yake ilikuwa moja tu: mtamba.

Lakini Baba hakuridhika. "Zote mbili zinameza kayamba," alisema. "Hata Saini. Kwa hiyo ni ile CD."

Mama aliinua kichwa. "Kayamba ipi imemezwa? Imesikika muda wote, Mzee. Kwenye hii na kwenye ile."

"Kayamba gani?"

"Rudisheni wimbo wa nne."

Mdogo wangu akaurudisha. Spika zilianza ile mvua ya migombani, safi, kavu, sekunde nane au tisa kabla ya kwaya kuingia. Mama aliweka kisu chini na kuinua mikono yake yenye utomvu wa ndizi, akaanza kuitikisa kayamba isiyokuwepo, kulia, kushoto, sawasawa na ile ya kwenye spika. "Hii hapa," alisema. "Unaisahauje? Ni mimi niliyepiga."

Baba aliiangalia mikono yake. Mimi nilikuwa namwangalia Baba. Aliangalia spika, kisha mikono, kisha spika, na nilijua, kama unavyojua kwamba mtu ameelewa msiba kabla hujautamka, kwamba kwake chumba kilikuwa kimya.

Sikio hupotea kuanzia juu. Ndani yake kuna vinywele vidogo vya kupokea mitetemo, na vile vya sauti za juu kabisa viko mlangoni, vinapokea kila kitu kwanza na kuchakaa kwanza. Haviotei tena. Kwa hiyo mzee hapotezi sauti kubwa, anapoteza ncha za sauti: kayamba, ndege fulani, na herufi ambazo ni pumzi tupu, s, f, sh, t. Anakusikia ukiongea lakini hapati ulichosema. Ghafla mambo mengi ya mwaka ule yalijipanga. Mama kusema mgeni amefika, Baba kujibu amepika nini. Sita na tisa kuchanganywa dukani. Redio kupanda hadi jirani ng'ambo ya korongo anajua taarifa ya habari. Kumbe alikuwa akitafuta mashine ya kumrudishia sauti ambayo mashine zote zilikuwa zikimpa.

Hakuna aliyerudia ile methali ya sikio la kufa.

Saini ilirudi Soweto Jumatatu. Wiki mbili baadaye nilimpeleka Baba kliniki ya masikio KCMC. Alikaa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, amevaa spika za masikioni, na kila aliposikia mlio alibonyeza kitufe. Nilimwona kupitia kioo: macho yamefumbwa, kichwa kushoto. Alikuwa anaonja. Kisha tukapewa grafu. Kwa sauti za chini alikuwa kama kijana, lakini baada ya mitetemo 2,000 mstari ulishuka kama barabara ya kutoka Kibosho kwenda mjini, na kwenye 8,000, mwisho wa karatasi, ulikuwa umefika tambarare za miwa. Aliuliza kama mashine za kukoboa kahawa zingeweza kuwa chanzo. Daktari alisema umri peke yake unatosha, na kelele husaidia umri. Baba aliomba nakala ya grafu.

Ningependa kuandika kwamba alivaa vifaa vya kusaidia kusikia na mvua ya migombani ikarudi. Vifaa alivipata, na bei yake haikuwa mbali na ya Saini. Siku ya kwanza alilalamikia bati wakati wa mvua, vijiko, na gazeti, ambalo hakujua kwamba linapiga kelele. Siku ya tatu aliweka wimbo wa nne. Alisikiliza hadi mwisho, akavitoa masikioni, akavifuta kwa leso. "Ipo," alisema. "Lakini si kayamba. Ni kama mtu anakaanga kitu." Na alikuwa sahihi: vifaa vile vimetengenezwa kwanza kwa ajili ya maneno ya watu, na muziki hupita ndani yake ukiwa umebanwa na kunolewa. Vinampa herufi. Kayamba vinampa taarifa yake tu, kwamba iko hapo.

Sasa ana daftari jipya. Ana safu mbili, namba 1 na namba 2, bila maneno ya kuonyesha ipi ni kwa vifaa na ipi ni bila. Mwanzoni nilidhani ameacha kuandika kwa uvivu, kisha nikaelewa anajaribu kutojipendelea. Dansi hupewa alama za juu kwenye namba 2. Misa, namba 1. Simu za wajukuu, namba 1. Mazishi, ambako watu wengi huongea kwa wakati mmoja, amepiga mstari safu zote mbili.

Mama, akiulizwa na majirani kuhusu yule ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe, husema ameshamnunua. Wanapouliza yuko wapi, hujibu kwa sauti ya kutosha ili Mzee asikie mwenyewe: "Yuko masikioni mwa huyu."